Gari la Harusi Linalokunywa Ziwa

Bibi Rozalia, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijaharibu harusi ya mwanangu, na nakuomba pia jina langu usilitaje gazetini, kwa sababu mimi ni mtu ninayeheshimika hapa Kasingirima na sitaki watu wajue ni nani.

Mimi ni fundi wa mashine za boti pale mwaloni Kibirizi, boti za wavuvi zinapotia nanga, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita, wavuvi wa mpaka Kagunga wananiletea mashine zao, na mashine ikikohoa mimi nikiwa mbali nimeshika kikombe changu cha chai nawaambia ugonjwa kabla hawajafika ufukweni, kwa hiyo Bibi usije ukadhani anayekuandikia ni mtu asiyejua spana.

Mwaka jana nilinunua gari kwa mfanyabiashara mmoja aliyehamia Dodoma, gari refu, jeusi, la Kijerumani, viti vya ngozi, na juu ya paa lina kidirisha kinachofunguka ukibonyeza, ni la zamani kidogo, umri wake unakaribia wa binti yangu Shadia ambaye ana miaka ishirini na minne, lakini lilikuwa linang'aa na nilipoliingiza mtaani mara ya kwanza majirani walitoka nje wakiwa bado wana tonge mkononi. Lilikuwa na kaugonjwa kamoja tu, nikilisimamisha sokoni huku linanguruma mshale wa joto unapanda, nikiondoka likapata mwendo mshale unashuka, na mbele kulikuwa na kelele, krr, krr, krr.

Nikasema hili nalimaliza mwenyewe, nitampelekeaje mtu mwingine injini mimi niliyezeeka kwenye injini, nikafungua boneti, nikaing'oa ile feni ya mbele iliyokuwa inapiga kelele maana kwenye boti hakuna feni na mashine haichemshi, feni yenyewe ina fremu nzuri pana nikaifanya mlango wa banda la kuku, halafu nikatoa na kile kidude cha themostati kwa sababu kinazuia maji na mimi najua maji ya mashine hayazuiwi, yanaingia na kutoka. Kelele ikaisha. Ila sasa likawa linachemsha hata likitembea.

Hapo nikakaa nikafikiri, nikaona kosa ni la hao waliolitengeneza, wamelipa maji kidogo, mashine ya boti inanyonya ziwa zima na kulitema ndiyo maana haichoki, basi nikachukua pipa la plastiki, nikatengeneza kichanja juu ya paa kwa mbao za mtumbwi, nikalifunga na kamba za nyavu, nikashusha mpira kutoka kwenye pipa mpaka kwenye rejeta, na chini ya rejeta nikatoboa tundu la kutemea, kwa hiyo gari likawa linakunywa juu na kutema chini kama boti kabisa. Maji nachota Kibirizi, palepale akina mama wanapooshea dagaa, kwa sababu ndiyo maji niliyoyazoea. Watoto wa Ujiji wameliita Gari Linalokojoa, lakini wale ni watoto.

Sasa tatizo langu. Shadia anaolewa na Haruna wa Kibirizi, kijana mzuri, na mimi tangu zamani nilimwahidi mwanangu atatoka kwangu kwa gari la baba yake. Alikuwa na miaka saba, nampeleka shule kwenye kerea ya baiskeli pamoja na spana zangu, sare yake ikaingia grisi, akaadhibiwa kwa uchafu, akarudi analia, nikamwambia usilie, siku ya kuolewa utakaa kwenye kiti cha ngozi. Sasa kiti cha ngozi ninacho, na harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Wiki iliyopita nikasema ngoja nilijaribu gari kwa heshima, nikaenda kumchukua baba wa Haruna, Mzee Mwinshehe, nimlete kwetu tupange mambo. Amevaa kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Tulipoanza kupanda ule mlima wa kwenda Mwanga mshale ukapanda na sisi, mvuke ukatoka mbele, nikafunga breki, pipa likasogea kwenye kichanja, mpira ukachomoka, na maji yote yakapitia kile kidirisha cha juu ambacho siku hizi hakifungi vizuri kwa uzito wa pipa, yakamshukia mzee kichwani pamoja na dagaa wawili. Akavua kofia, akaikamua nje ya dirisha, akamtoa dagaa mmoja begani akamtazama, akasema, "Fundi, mimi nimekuja kutafuta mkwe, sikuja kuvua."

Gasper, fundi magari ambaye gereji yake iko hapohapo Mwanga, akatoka kututazama, akaniambia, "Baba Shadia, hilo halina nanga, liache hapa nilitazame," nami kwa aibu nikamwambia akashike matrekta yake. Tukasukuma.

Ijumaa tulipotoka msikitini wenzangu wakaanza, mmoja akaniuliza kama waje harusini na miavuli, mwingine akauliza kama waje na nyavu, damu ikanichemka kuliko rejeta, nikaapa mbele yao wote, nikasema wallahi Shadia hatoki nyumbani kwangu kwa gari la mtu mwingine, atatoka kwa gari langu au hatoki. Mzee Mwinshehe akaniletea salamu kwamba mdogo wake ana gari jipya atalileta, nikamrudishia kiapo changu.

Nyumbani sasa hakukaliki. Shadia yuko ndani anasingwa na anafukizwa udi kila siku na shangazi zake, nikamwambia mama, uko tayari nikupitishe mtaa mmoja tu ulizoee gari, akanusa mlangoni, akasema, "Baba, nifukizwe udi wiki nzima halafu niingie kwenye sufuria ya dagaa? Mimi nitakwenda kwa bajaji." Nikamkumbusha kiapo. Akaingia ndani akafunga mlango na mpaka leo hajanisemesha. Mke wangu Mwanne ambaye nilimwomba siku ya harusi akae mbele na ndoo ya akiba amenijibu kwamba aliolewa na fundi, hakuolewa na kisima.

Basi Bibi, mimi sikuulizi habari za gari, gari nalijua. Nakuuliza nitumie maneno gani mke wangu na binti yangu wanielewe, au kama niongeze pipa la pili.

Ni mimi, Baba Bibi Harusi, Kasingirima.

*

Marahaba, mwanangu, na mwakeye, kama tunavyoamkiana kwa Kiha, huko Kasingirima.

Mimi barua nasomewa, macho ya kusoma sikupewa. Anayenisomea ni Catherine wa hapa gazetini, na yako aliikatiza mara tatu akifuta machozi. Hayakuwa ya huzuni.

Jina lako sijalitaja. Lakini wewe mtoto, umemtaja mkeo, umemtaja binti yako, umemtaja mkwe wako na baba yake na kofia yake. Na magari yenye pipa juu ya paa hapa Kigoma ni mangapi? Heshima unayoogopa kuipoteza imeshapita Mwanga inatiririka.

Umesema huniulizi habari za gari. Nitaanza na gari.

Marehemu mume wangu Telesphory aliendesha lori la Kasulu na Kigoma enzi ambazo barabara ile ni udongo mtupu, na utingo wake nilikuwa mimi. Jiwe la kuweka nyuma ya tairi nimelibeba nikiwa na mimba. Dumu la maji nimelibeba. Darasani sikuingia hata kufagia, ila joto la injini nalijua kama ninavyojua joto la ugali. Kwa hiyo nisikilize, na usinikatize kwa habari za boti.

Gari likichemsha likisimama na likipoa likitembea, linakwambia nini? Likitembea, upepo wa njiani unaipuliza rejeta. Likisimama, anayeipuliza ni feni. Basi aliyekuwa mgonjwa ni feni, na ile krr krr ilikuwa inakuita uje uiuguze. Wewe ukaing'oa ukawafungia kuku. Mtu anakohoa, unamkata shingo, unatangaza kikohozi kimekwisha.

Feni iko kwenye banda la kuku! Nilimwambia Catherine arudie hapo, nilidhani amekosea kusoma.

Boti liko majini, mwanangu. Gari liko Mwanga. Mashine ya boti inakunywa na kutema kwa sababu ziwa liko chini yake na halimaliziki. Gari lina maji yake machache, ni yaleyale, yanakwenda kwenye injini kuchukua joto na kurudi kwenye rejeta kulitoa, na hayo ndiyo maisha yake. Ile themostati uliyoitupa ni mlango: injini ikiwa baridi unafungwa, ikipata moto wa kutosha unafunguka. Wewe ukaona mlango ni kizuizi ukaubomoa. Nyumbani kwako umebomoa mlango? Halafu ukayatia maji ya kuoshea dagaa. Vijia vya ndani ya rejeta ni vyembamba kuliko majani ya kitunguu. Umevijaza mchanga na magamba. Ile rejeta siyo rejeta tena, ni mchuzi.

Sasa fanya hivi. Kwanza shusha pipa. Usisubiri kumaliza gazeti, mwachie Mwanne akusomee yaliyobaki, wewe panda ukafungue kamba.

Ukishashusha, liache gari lipoe kabisa, mpaka uweke kiganja juu ya rejeta usitamani kukiondoa. Likiwa la moto kifuniko hakiguswi na mtu yeyote, awe fundi awe shehe awe padri. Mimi mkono wangu wa kushoto una baka kutoka mlima wa Kasulu na mwaka wake sitaki kuukumbuka. Wala usije ukaimwagia injini ya moto maji baridi, chuma kinapasuka kama chungu kilichotolewa jikoni kikawekwa kwenye tope.

Ukimaliza hapo, nenda kwa Gasper. Usimtumie salamu aje. Nenda wewe, kwa miguu, umwamkie vizuri, umwambie, "Gasper, siku ile niliongea kwa aibu." Atacheka. Mwache acheke, amekusubiri. Wewe unajua mashine za majini na yeye anajua za nchi kavu, na hakuna aliyekwambia kwamba kuijua moja ni kuzijua zote. Mimi nimezaa watoto saba na bado jino likiuma naenda kwa mng'oa meno.

Kazi ya mikono fanya mwenyewe, sikunyimi, ila Gasper akae pembeni na atazame. Mwage uchafu wote. Tundu ulilotoboa mwache yeye aseme kama linazibika au rejeta inabadilishwa. Sukumia maji ya bomba mpaka yanayotoka chini ungeweza kumpa mgeni anawe. Weka themostati mpya. Feni itoe bandani, kuku uwawekee mlango wa mbao, yenyewe ioshe, mweleze Gasper ile kelele aangalie kama inatengenezeka au imekufa. Kagua mipira yote, ya zamani inapasuka ukiiminya. Halafu tia dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi kama Gasper atakavyokupimia, uwashe gari kifuniko kikiwa wazi tangu likiwa baridi, uache mapovu yatoke mpaka yaishe, ndipo ufunge. Hewa ikibaki ndani ni kama mtoto aliyekunywa uji bila kucheua, haitakupa amani.

Kuna jambo moja sitaki ulifiche. Chomoa kijiti cha kupimia oili utazame. Oili ikiwa nyeusi au kahawia, shukuru Mungu wako. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, gasketi imeungua, na hapo weka spana chini kabisa. Hiyo si kazi ya mtu mwenye harusi Jumamosi.

Kulijaribu, usiliendeshe kwanza. Lisimamishe mbele ya nyumba jua la saa saba, lingurume muda wa kupika wali mpaka uive. Mshale ukae katikati. Ukipanda, zima, rudi kwa Gasper. Viti vya ngozi vipanguse kwa sabuni kidogo na limau, milango uiache wazi kutwa nzima, na usimruhusu paka akaribie, ataleta wenzake.

Gari limekwisha. Sasa wewe.

Mimi ni Mkatoliki wa rozari, dini yako siwezi kukufundisha. Lakini nimeishi na Waislamu wa Ujiji tangu meno ya utotoni, nimekula pilau yao na nimewalilia wafu wao, na najua kiapo cha hasira kina mlango wake wa kutokea. Nenda kwa shehe wako leo, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, pipa usilifiche. Nijuavyo mimi atakwambia ulishe maskini kumi. Walishe. Wapikie wali, wapikie nyama ukiweza, na nakuomba sana, dagaa usiwape, maana mji mzima utajua walikotoka.

Ukitoka kwa shehe, nenda Kibirizi kwa Mzee Mwinshehe. Umemrudishia kiapo mtu uliyemwogesha na hakukutukana. Unajua wakwe wangapi wangefika kwao na kanzu ile na kusema posa imevunjika? Yeye alikamua kofia. Peleka kanzu mpya na maneno machache, umwambie gari la mdogo wake lije Jumamosi saa waliyopanga, na unashukuru.

Najua hapo umekasirika. Kasirika, ukimaliza urudi usome.

Umemwahidi mtoto wa miaka saba aliyekuwa analia kwa ajili ya sare. Ilikuwa ahadi nzuri, na mwenye kuitoa ni baba mzuri, sikuvunjii hilo. Lakini yule mtoto alikwisha nyamaza siku nyingi, mwanangu. Aliyeko ndani ya nyumba yako sasa ni mwanamke aliyefunga mlango, na hajakuomba kiti cha ngozi. Amekuomba jambo moja, afike kwa mumewe ananukia udi. Wewe ukamjibu kwa kiapo. Umemwambia bila gari langu huolewi. Hebu litafune neno hilo polepole uone lina ladha gani.

Na tangu lini Ujiji baba akampeleka bibi harusi? Wanaompeleka ni shangazi na somo wake. Mahali pako siku hiyo ni mlangoni kwako, umevaa vizuri, kucha zimesuguliwa grisi ikatoka, unamwombea dua anapotoka. Ukiwa barabarani umeinama kwenye boneti, mlangoni atasimama nani? Atamuaga nani? Pipa?

Kwa hiyo leo gonga mlango wake. Usianze na maelezo. Mwambie, "Mama, kiapo nimekitengua, utakwenda kwa gari la kina Haruna." Halafu nyamaza. Akilia, mwache. Akicheka, mwache zaidi. Mwanne mwombe radhi kwa ile habari ya ndoo, na wakati wa kula uende mwenyewe mezani ukale nao, usingoje kuitwa kama mgeni.

Wakimaliza fungate, siku ya kuja kumsalimia mama yake, umfuate wewe mwenyewe Kibirizi kwa gari lako, baada ya Gasper kusema ndiyo na kwa mdomo wake. Shadia akae mbele kwenye hicho kiti cha ngozi. Siku hiyo hakuna shehe anayesubiri wala wali unaopoa. Likikuchemkia njiani, zima, litoe pembeni, kaeni nusu saa lipoe lenyewe. Usishuke kufungua boneti. Tulia hapohapo kwenye kiti chako, umuulize mwanao kama huko alikokwenda wanamtunza.